Kanopi ya kitambaa nyumbani: jinsi ya kuifunga ikakaa, na kuitunza isioze mapema

Watu wengi wakitaka kuweka kanopi ya kitambaa juu ya dirisha, mlango au baraza wanaanza na rangi. Wanazunguka wakiangalia mistari na maua, alafu ukuta wenyewe wanakuja kuuangalia siku fundi ameshasimama na drili mkononi. Mimi nasema geuza. Kanopi ni tanga, yaani ukishaitandaza nje ya nyumba umetundika tanga kwenye ukuta wako na kila upepo unaopita utajaribu kuondoka nalo. Kwa hiyo cha kwanza ni ukuta na boliti, cha pili mteremko wa maji, cha tatu uzi ulioshonea, kitambaa chenyewe cha nne, na rangi ndo ya mwisho kabisa.

Ila kwanza ujue kwa nini inafaa kuhangaika nayo. Pazia la ndani linazuia mwanga lakini joto limeshaingia, jua limepita kwenye kioo, limegonga pazia, pazia limepata moto na moto huo unabaki chumbani na wewe. Kanopi inalikamata jua kabla halijagusa kioo. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema kanopi inaweza kupunguza joto la jua linaloingia dirishani hadi 65% kwa madirisha yanayotazama kusini na hadi 77% kwa yanayotazama magharibi. Kumbuka wao wako kaskazini mwa dunia na jua lao la mchana linakaa upande wa kusini, kama uko mbali upande wa pili wa ikweta basi weka kaskazini kwenye nafasi ya kusini. Magharibi ni magharibi kila mahali, na ndo upande unaochoma kuliko zote kwa sababu jua la saa kumi jioni linakuja limelala, linaingia moja kwa moja hadi kitandani.

Aina gani uchukue

Kuna za fremu isiyosogea, yaani unachomelea fremu ya chuma au unaunga ya alumini, unaivisha kitambaa, imekaa hapo mwaka mzima. Na kuna za mikono ya kukunja, kitambaa kinajiviringisha kwenye bomba, unazungusha mpini au unabonyeza switchi kinatoka nje chenyewe. Zipo na ndogo za dirishani zenye mikono inayoshuka, hizo ni kati ya hizo mbili.

Ya fremu unaweza kuifunga mwenyewe na mwenzako mmoja au wawili mkiwa na vifaa. Ya mikono ya kukunja unaweza kuitundika ukutani kama imekuja imeunganishwa tayari na mko watu wa kutosha, maana ni nzito, lakini kuifungua mikono yake usijaribu. Ndani ya ile mikono kuna springi zimekazwa vibaya sana, ndo zinazokivuta kitambaa kibaki kimenyooka. Mkono ukifyatuka kitambaa kikiwa kimetolewa unavunja taya au mkono wa mtu. Ikija na kamba au mikanda imefunga mikono, mikanda hiyo haikatwi mpaka kanopi imeshakaa kwenye breketi zake na boliti zote zimekazwa.

Ushauri wangu ni huu: sehemu ya upepo mwingi na unataka kivuli juu ya dirisha tu, chukua ya fremu, fupi na imara. Baraza pana ambalo mnakaa jioni na kuna mtu nyumbani wa kuikunja upepo ukija, chukua ya kukunja. Nyumba ambayo inabaki tupu mchana kutwa, ya kukunja isiyo na mota na kihisi cha upepo itakutesa, itabaki imekunjwa siku zote maana unaogopa kuiacha wazi.

Pima jua kabla hujapima ukuta

Saa ile ambayo jua linakukera ndo saa ya kupima. Chukua fimbo au ubao wa mita 1, uushike umetoka mlalo kutoka ukutani juu ya dirisha, mwenzako aangalie kivuli cha ncha yake kinaangukia wapi kwenye ukuta. Jua likiwa limekuelekea moja kwa moja kwa nyuzi 60 kutoka upeo wa macho, kivuli kitashuka kama mita 1.7 chini ya ncha. Likiwa nyuzi 45 kitashuka mita 1 kamili, na likishafika nyuzi 30 kinashuka sm 58 tu. Umeona tatizo la upande wa jua kuzama? Jua likilala hata kanopi ndefu haifuniki dirisha lote, kwa hiyo upande huo panga ukingo wa mbele ushuke chini zaidi, au uongeze kipande cha kitambaa kinachoning'inia mbele, na sio kurefusha kanopi kwenda nje, maana kila sentimita ya kwenda nje unailipa kwenye boliti.

Upana ongeza kidogo kila upande, angalau sm 15 hadi 20 kupita kingo za dirisha, kwa sababu jua haliji mbele tu, linakuja kwa pembeni pia. Kama ni kanopi yenye mbavu zilizofungwa pande zote acha upenyo mdogo juu au pembeni hewa ya moto itoke, la sivyo unakusanya joto chini ya kitambaa na dirisha likifunguliwa linaingia lote ndani.

Urefu na mteremko

Hapa hakuna mjadala. Kitambaa kinachopigwa na mvua kinataka mteremko wa sm 25 kwa kila mita 1 ya kwenda nje, ambayo ni kama nyuzi 14. Ukienda nje mita 2, mbele iwe chini kuliko nyuma kwa sm 50, ukienda mita 3 iwe sm 75. Sasa rudi nyuma na hesabu: mtu anapita chini yake, kwa hiyo ukingo wa mbele usiwe chini ya mita 2.1, na kama ni mita 3 kwenda nje basi ukutani unafunga kwenye mita 2.85. Una ukuta wa urefu huo juu ya mlango wako, chini ya paa? Kama huna, punguza urefu wa kwenda nje, usipunguze mteremko. Na mlango ukifungukia nje, ufungue wote uone unafika wapi kabla hujatoboa chochote.

Nasisitiza mteremko kwa sababu ya dimbwi. Maji ya kina cha mm 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, yaani kilo 1. Kitambaa kikibonyea kidogo tu kikashika dimbwi la mita 1 ya mraba lenye kina cha wastani wa sm 10, hapo pana kilo 100 zimekaa juu ya kitambaa, kinabonyea zaidi, maji mengine yanakuja kujaza, na baada ya hapo fremu inapinda au mshono unachanika. Kanopi yenye mteremko mzuri maji hayapati nafasi ya kukaa. Angalia na maji ya paa vilevile, kama mabati au vigae vinamwaga juu ya kanopi weka gata kwanza, kitambaa hakikutengenezwa kupokea mvua ya paa zima.

Sasa ukuta

Tufanye hesabu ya mkono. Upepo wa mita 10 kwa sekunde, sawa na km 36 kwa saa, huo wala sio dhoruba, unasukuma kila mita ya mraba kwa nguvu ya kama kilo 6. Kanopi ya mita 4 kwa mita 3 ina mita za mraba 12, kwa hiyo hapo una kama kilo 75. Zinasikika chache. Ila hizo kilo 75 ni kama zimekaa katikati ya kanopi, mita 1.5 kutoka ukutani, wakati breketi imeshikwa na boliti za juu na za chini zilizopishana labda sm 15 tu. Mita 1.5 gawa kwa sm 15 unapata mara 10. Upepo ukikandamiza chini, boliti za juu zinavutwa zitoke ukutani kwa nguvu ya kama kilo 750 kwa jumla, upepo ukiinua inakuwa zamu ya za chini. Na kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili nguvu haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara 4, yaani ukifika km 72 kwa saa una kilo 300 kwenye kitambaa na tani 3 kwenye boliti. Ndo maana kanopi iliyoachwa wazi usiku wa dhoruba inaondoka na kipande cha plasta na nusu tofali.

Kutoka kwenye hesabu hiyo hiyo unapata na dawa yake. Ya fremu, mgongo wake unaogusa ukuta ukiwa mrefu, mfano boliti za juu na za chini zimepishana sm 60 badala ya 15, mvuto unashuka kutoka kilo 750 hadi kama 190. Kwa hiyo usitengeneze fremu yenye mgongo mfupi eti ipendeze, na ikitoka nje kupita mita 1.5 au 2 mimi ningeiwekea nguzo mbele. Ya mikono ya kukunja huwezi kurefusha breketi, unachoweza ni kuongeza idadi ya breketi na kuchagua mahali pa kutoboa.

Zege ndo bora, yaani linta au mkanda wa zege unaozunguka juu ya madirisha. Gonga ukuta kwa nyundo kidogo kidogo usikie, kisha toboa tundu jembamba la majaribio mahali ambapo breketi itafunika, uangalie unga unaotoka. Zege linatoa unga wa kijivu na drili inapata taabu, tofali la kuchoma linatoa unga mwekundu, tofali lenye matundu drili inazama ghafla ndani. Kwenye zege tumia boliti za chuma zinazojitanua ndani ya tundu, mm 10 au 12. Plasta haihesabiwi, kama boliti inataka kuzama sm 8 na plasta ni sm 2 basi tundu ni sm 10 au zaidi. Kaa mbali na kingo za zege angalau sm 10 maana boliti inayojitanua inapasua kingo, na fuata vipimo vilivyoandikwa kwenye pakiti yake.

Tofali zima la kuchoma linashika boliti lakini katikati ya tofali, sio kwenye udongo wa kuungia, na sio kwenye mistari ya juu kabisa ya ukuta ambayo haina uzito wa kuikandamiza. Tofali lenye matundu hapo achana na boliti za kujitanua kabisa, zitavunja kuta nyembamba za ndani. Tumia ile gundi ya kemikali inayosukumwa ndani ya tundu kwa bunduki yake, pamoja na soksi ya wavu inayoizuia isipotelee kwenye matundu, ndani yake unazamisha fimbo yenye nyuzi za skrubu. Au, na hii ndo njia ninayoiamini zaidi kwa ukuta dhaifu, toboa mpaka upande wa pili, pitisha fimbo ndefu yenye nyuzi, ndani ya chumba weka bamba la chuma na nati, ukuta mzima unakuwa umebanwa katikati.

Nyumba ya mbao, skrubu nene za mbao zinaingia kwenye nguzo za ndani ya ukuta au kwenye kenchi zenyewe. Fashabodi sio mahali pa kufungia kanopi, ule ubao umepigiliwa misumari tu kwenye ncha za kenchi.

Boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu au zilizochovywa zinki ya moto. Karibu na bahari chukua daraja la A4, la A2 litaanza kuota madoa. Na pale chuma kisichoshika kutu kinapokutana na alumini kwenye hewa ya chumvi weka washa ya plastiki katikati, bila hivyo alumini inaliwa pole pole unaona unga mweupe umezunguka boliti.

Kitambaa na uzi

Cha akriliki ambacho rangi imetiwa tangu uzi unatengenezwa, hicho ndo cha kwanza kwangu. Uzito wake ni kama gramu 300 kwa mita ya mraba, kinapitisha hewa, hakipauki haraka, maji yanateleza juu yake ingawa mvua ndefu inaweza kupenya kidogo. Kukijua, chomoa uzi mmoja pembeni uukate uangalie ndani, ukiwa na rangi hadi katikati ni chenyewe, ukiwa mweupe ndani rangi imepakwa juu na jua litaila. Turubai la poliesta lililopakwa PVC, yaani plastiki, linazuia maji kabisa na linafutika kirahisi, ila ni zito, halipumui, chini yake panakuwa na joto na likikunjwa na unyevu ukungu unaota upesi. Kwa fremu isiyosogea juu ya mlango ambapo unataka usilowe, PVC ni sawa. Kwa ya kukunja, akriliki. Turubai la pamba linapendeza lakini linaoza, linataka mtu wa kulihudumia kila mara. Neti ya kivuli ni kitu kingine, inapitisha mvua na sehemu ya upepo, nzuri kwa maua na kwa gari.

Uzi sasa. Kitambaa kizuri kilichoshonwa na uzi wa pamba au uzi wa kawaida wa cherehani ni hasara, jua linaula uzi na mishono inafunguka wakati kitambaa bado kizima kabisa. Mwambie fundi atumie uzi mnene wa poliesta unaostahimili jua, na kama unaupata ule wa PTFE, yaani tefloni, lipia, ule jua haliuwezi, utaishi kuliko kitambaa. Mishono ielekee kwenye mteremko, kutoka ukutani kwenda mbele, maji yafuate mshono badala ya kuukatisha. Pindo likunjwe mara mbili, upana wa sm 4 au 5, pembe ziongezewe kipande cha ndani, na vijicho vya chuma vya kupitishia kamba viwe kila sm 20 hadi 30. Kingo za akriliki na poliesta zikatwe kwa kisu cha moto zisifumuke.

Rangi, haya tumefika. Nyeusi na za giza zinakata mwanga mkali vizuri zaidi, nyepesi zinarudisha joto lakini zinaonyesha kila doa. Chagua unayoipenda.

Siku ya kufunga

Uwe na drili ya nyundo, pima maji, tepu, uzi wa fundi, spana, brashi ndogo ya matundu, pampu ya kupulizia, silikoni, miwani, na ngazi mbili. Ngazi ya kuegemeza kila mita 4 za kwenda juu miguu yake iwe mita 1 kutoka ukutani. Siku ya upepo ahirisha. Kama nyumba ni ya kupanga au iko kwenye eneo lenye sheria za pamoja uombe ruhusa kwanza kabla ya kutoboa.

Anza kwa kupiga mstari. Usifuate fremu ya dirisha wala mstari wa matofali, vinaweza kuwa vimepinda, fuata pima maji. Weka alama mbili za mwisho, vuta uzi katikati, hakikisha kwa pima maji, ndo uweke alama za breketi zote kwenye uzi huo huo. Breketi moja ikiwa juu kwa sm 1 kitambaa cha kukunja kitaanza kujiviringisha kwa upande na baada ya muda kinakuwa na mikunjo isiyotoka. Kabla ya kutoboa fikiria nyaya: taa ya nje juu ya mlango ina waya unaoifikia ukutani, mara nyingi wima, usitoboe mstari wa juu au chini yake bila kukagua, na umeme zima kwenye swichi kuu.

Toboa drili ikiwa imenyooka kuelekea ukutani kwa nyuzi 90, sio kwa kuiinamisha. Ukimaliza tundu, safisha: puliza, piga brashi, puliza tena, rudia. Hii hatua watu wanairuka alafu gundi ya kemikali inashika vumbi badala ya ukuta, na boliti inatoka na mkono. Gundi ipe muda wake ulioandikwa kwenye chupa, siku ya baridi inachelewa sana, usitundike kitu kabla. Mahali ambapo breketi inakaa, kama plasta ni laini ikwangue ufike kwenye ukuta wenyewe au weka bamba pana, maana ukikaza juu ya plasta laini inasagika na baada ya wiki chache boliti inalegea ingawa ilikuwa imekazwa vizuri.

Ya fremu: kabla ya kuipandisha, ilaze chini upime kona kwa kona, vipimo viwili vya mshalo vikilingana kona za fremu zimekaa nyuzi 90, visipolingana kitambaa hakitanyooka milele. Sehemu zilizochomelewa zisuguliwe, zipakwe rangi ya kuzuia kutu na juu yake rangi ya nje, na kingo kali zote zilainishwe kwa msasa au grinda kwa sababu ndipo kitambaa kinapokatika. Pandisha fremu, ingiza boliti zote zikiwa zimelegea, sawazisha, kaza za juu, kaza za chini, rudi uzikaze zote tena. Ndo uvishe kitambaa, kishonwe kidogo kuliko fremu ili libaki pengo la kama sm 5 kila upande la kamba kuvuta. Anza kufunga katikati ya kila upande kwenda kwenye pembe, vuta kidogo kidogo ukizunguka, usikaze upande mmoja ukamaliza. Baada ya siku chache za jua kitalegea kidogo, vuta tena.

Ya kukunja: breketi zote zikishakazwa, watu wawili au watatu kulingana na upana mnainyanyua na kuiweka kwenye breketi, mnafunga boliti za kuishikia, ndo mnakata mikanda. Ifungue nusu kwanza, angalia, kisha yote. Mteremko unarekebishwa kwenye skrubu ya kila mkono, rekebisha mikono yote sawa huku pima maji iko kwenye ukingo wa mbele. Yenye mota, waya uunganishwe na fundi umeme. Na ujue mota ya ndani ya bomba ikifanya kazi mfululizo dakika chache inajizima kwa joto, ukiifungua na kuifunga mara nyingi kuonyesha wageni itasimama katikati, haijafa, iache ipoe kama dakika 20.

Mwisho piga silikoni juu na pembeni mwa kila breketi. Chini acha wazi, maji yakipenya yapate pa kutokea.

Upepo na mvua kila siku

Kanopi za kukunja zinapimwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 13561, na daraja la 2 linamaanisha inastahimili upepo wa nguvu ya 5 kwa kipimo cha Beaufort, yaani hadi kama km 38 kwa saa. Huna kipima upepo? Angalia nje. Vumbi na makaratasi yakianza kuinuka na vitawi vidogo kutikisika ni nguvu ya 4, jiandae. Miti midogo yenye majani ikianza kuyumba yote ni 5, hapo iwe imeshakunjwa. Ukienda kulala ikunje, ukitoka ikunje, hata kama anga ni safi. Mvua kubwa pia ikunje, na ikikunjwa imelowa ifungue ikauke mara jua litakapotoka, usivushe siku mbili tatu, ukungu hauhitaji zaidi ya hapo.

Na jiko la mkaa au la kuchomea nyama lisikae chini yake. Cheche moja inayeyusha tundu, na moshi wa mafuta ukishaingia kwenye nyuzi hautoki.

Kusafisha

Kazi kubwa ni vumbi, sio kufua. Brashi laini kavu mara moja kwa wiki mbili tatu, alafu maji ya bomba ya kawaida kila mwezi hivi, basi. Vumbi likiachwa linashika unyevu, na ukungu unaota kwenye vumbi hilo hata kama kitambaa chenyewe hauwezi kukila. Mavi ya ndege toa mapema, yana tindikali, loweka kwanza yalainike kabla ya kusugua usije ukachubua.

Mara moja au mbili kwa mwaka osha vizuri: maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 38 za Selsiasi, sabuni laini, brashi laini, acha sabuni iingie dakika kadhaa, suuza mpaka hakuna povu hata tone, ikauke kwa hewa. Sabuni iliyobaki inavuta uchafu na inaharibu ile dawa ya kuteleza maji. Usitumie pasi, petroli, tina ya kuchanganyia rangi wala mashine ya maji ya presha, ile presha inang'oa dawa na kufungua mishono.

Ukungu umeshika? Kwa akriliki iliyotiwa rangi ndani ya uzi, changanya lita 4 za maji, ml 250 za klorini ya kufulia nguo nyeupe na ml 60 za sabuni ya maji, pakaa, subiri kama dakika 15, sugua kwa sponji, suuza sana. Jaribu kwanza kona isiyoonekana, linda maua yaliyo chini na vaa glavu, na klorini usiichanganye kamwe na siki, amonia wala dawa nyingine ya choo, inatoa gesi ya sumu. Kwa PVC, pamba au kitambaa cha kuchapishwa maua klorini hapana, sabuni na subira tu.

Maji yakiacha kukusanyika kama matone juu ya kitambaa na kuanza kunywewa na kitambaa, dawa imeisha. Osha, kausha kabisa, kisha puliza dawa mpya ya kuzuia maji ya vitambaa vya nje, tabaka mbili nyembamba kuliko moja nene.

Chuma, viungo na matengenezo

Mara moja kwa mwaka, kabla ya msimu wa upepo, panda na spana ujaribu kila boliti. Iliyolegea usikaze tu ukaondoka, jiulize kwa nini imelegea, maana boliti inayozunguka bure au breketi iliyoacha ufa kwenye plasta inakuambia ukuta umeanza kuachia, na hapo kanopi ishushwe mpaka patengenezwe. Kutu sugua hadi chuma cheupe, paka rangi ya kuzuia kutu, paka ya juu. Viungo vinavyolia vipe silikoni kavu ya kupuliza, grisi na oili zinashika vumbi na kuchafua kitambaa.

Tundu dogo lizibe mapema kwa kiraka cha kitambaa hicho hicho, kibandikwe au kishonwe kwa uzi wa jua, pembe za kiraka zikatwe duara zisibanduke. PVC inaungwa kwa joto, fundi wa maturubai anayo mashine. Mshono ukianza kufunguka sm 10 mpe fundi aushone upya wote, uzi ni wa umri mmoja, sehemu nyingine zitafuata.

Kitambaa chote kinabadilishwa pale ukikibana kwa vidole na kuvuta kinachanika kama karatasi, au unaona mwanga umepenya kwenye mistari ya mikunjo. Watengenezaji wengi wa akriliki wanatoa dhamana ya miaka 5 hadi 10, fremu nzuri inaishi zaidi ya hapo, kwa hiyo fremu usiitupe. Ya mikono ya kukunja mwachie fundi, mikono ifungwe kwanza kwa sababu ya zile springi. Ya fremu toa kamba mwenyewe, kitambaa cha zamani kifue, kitandaze chini kikauke, ukipeleke kwa fundi kama patani, umwonyeshe wapi kilikuwa kinalegea na wapi kilikatika, aongeze kiraka cha ndani sehemu hizo kabla hajaanza kukata kipya.